Februari ya Londri

Miaka ile West Bay, huko Doha, ilikuwa inaota. Ulikwenda likizo ukarudi, ukakuta mnara umesimama mahali ulipoacha shimo, na shimo jipya limechimbwa mahali ulipozoea kusubiri basi kivulini. Mimi nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli mojawapo ya pale, ghorofa za juu, na kila nilipopangusa vioo nilijiona naning'inia juu ya mji ambao haujaamua bado unataka kuwa nini. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Kidato cha sita nilikuwa nimeanguka kwa somo moja tu, historia, na nilikuwa nimeapa kulirudia.

Aliyesoma Tanzania anaijua ile karatasi ya pili ya historia. Ya kwanza inakuzungusha Afrika. Ya pili inakutoa nje, na huko nje ndiko Marekani iliko. Waingereza wanavuka bahari, wanashuka pwani ya mashariki, wengine kwa ajili ya dini yao, wengine kwa njaa. Kusini wanapanda tumbaku kwa mikono ya watu waliotekwa kwetu. Kaskazini wanafanya biashara. Wanapigana na mfalme wao, wanashinda, kisha wanageuza uso magharibi na kwenda, na kwenda, mpaka bahari ya pili inawazuia. Mwalimu wetu alitufundisha yote hayo kwa hoja. Kila swali lilikuwa na utangulizi, hoja sita na hitimisho. Uzimeze, uzitapike, ufaulu. Mimi nilizimeza. Siku ya mtihani zilikataa kutoka.

Kaka yangu alinisajili Morogoro kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ulikuwa Februari. Kwa hiyo nilichokihitaji duniani kilikuwa kitu kimoja: kuwa nyumbani mwezi huo. Januari isingenifaa, Machi isingenifaa. Bila mtihani hakuna chuo, na bila chuo nilijiona nikizeeka na kitambaa cha vioo mkononi.

Hotelini kwetu likizo haikuombwa, ilikimbiliwa. Mwezi wa kumi kila mwaka msimamizi alitundika ubao mweupe kwenye korido ya chini ya ardhi, nje ya ofisi yake. Ubao ulikuwa na miezi juu na idara pembeni, kila ghorofa ikihesabiwa idara, na kalamu moja ya wino imefungwa kwa uzi. Kila idara mtu mmoja kwa mwezi. Aliyeandika jina kwanza ndiye aliyeombewa kibali cha kutoka nchini, na enzi hizo bila kibali cha mwajiri uwanja wa ndege ulikuwa ukuta tu. Ubao ulitundikwa zamu ya asubuhi inapoanza, na mabasi yalipofunguka milango ungedhani hoteli inaungua, isipokuwa watu walikuwa wanakimbilia ndani.

Nilikuwa nakaa Muaither, katika jumba la wafanyakazi, chumba kimoja na Mkenya wa Nakuru. Tulifanya kazi ghorofa moja, tukisukuma toroli moja, na Ijumaa asubuhi, siku yetu ya mapumziko, alikuwa mwanafunzi wangu. Hakuomba. Nilikuwa nimegundua kwamba nikimweleza mtu kwa Kiswahili, Kiingereza cha mtihani kinakubali kukaa kichwani, basi nilimfundisha akiwa anasuka nywele zake mbele ya kioo, hawezi kukimbia.

Nilimweleza juu ya maskini wa Uingereza waliolipiwa nauli ya meli na tajiri, wakaja kumtumikia miaka mpaka deni la safari liishe.

"Ngoja," akasema, mkono kwenye msuko. "Mtu anakulipia safari, ukifika wewe ni wake mpaka mkataba uishe?"

"Ndiyo."

"Na huwezi hamia kwa mwajiri mwingine?"

"Wakitoroka walisakwa, wakaongezewa muda."

"Aki mwalimu, hii si historia. Hii ni visa yangu." Akacheka mpaka akapoteza hesabu ya misuko. "Na walikuwa na wakala? Usiniambie hawakuwa na wakala."

"Walikuwa nao. Manahodha waliwauzia watu mikataba bandarini."

"Huyo nahodha namjua. Ana ofisi pale Nairobi, River Road, na kalenda ya mbuga za wanyama ukutani."

Hivyo ndivyo Marekani ilivyoingia chumbani kwetu. Tulipokuwa kazini alinirushia maswali juu ya kitanda tukitandika, kila mmoja na pembe zake za shuka. Nilipenda kumjibu. Kulikuwa na kitu katika habari zile kilichonichoma miguu: watu hawatulii, wanafika mahali, wanajenga, wanalima mpaka udongo unachoka, kisha mtu anasema mbele huko kuna pazuri zaidi, na mkokoteni unafungwa tena. Nilikuwa nasimama dirishani, bahari ya Corniche chini yangu imetulia kama sinia, nami najisikia ng'ombe wa mkokoteni ule.

Sehemu aliyoipenda yeye ilikuwa ya mwishoni, ya zile mbio za ardhi. Serikali ilitangaza kwamba eneo fulani litafunguliwa. Watu wakajipanga mpakani, maelfu kwa maelfu, juu ya farasi, juu ya mikokoteni, wengine kwa miguu, wakingoja mlio wa bunduki. Ukilia, unakimbia, kipande utakachofika wa kwanza ukasimika kigingi ni chako. Lakini kuna waliovuka kabla. Walijificha vichakani, na wenzao walipofika farasi wakitoka povu waliwakuta wamekaa juu ya ardhi bora, wametulia, kana kwamba walizaliwa pale.

"Hao ndio watu wangu," Mkenya akasema.

Nilicheka. Nilipaswa kusikiliza.

Asubuhi ya ubao basi letu lilikwama kwenye mzunguko, magari yamefungana, honi, jua tayari lina hasira. Nilikuwa nimesimama mlangoni, viatu nimekaza kamba. Nilipoamka Mkenya alikuwa ameshatoka chumbani, nikadhani amewahi kiti cha nyuma. Tulipofika nilishuka ngazi kwa mbio za shuleni, nikampita mpishi, nikampita mlinzi, nikafika ubaoni pumzi imekatika. Kwenye mstari wa ghorofa yetu, chini ya Februari, jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Mkenya mwenyewe alikuwa amekaa kwenye toroli letu, anamenya yai la kuchemsha. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akaja na basi la alfajiri, akamsubiri msimamizi atoke na ubao.

"Karibu, mwalimu," akasema.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ulijua nina mtihani. Kila Ijumaa ulijua."

"Na wewe ulijua nina kijana anaingia form one mwezi huo huo. Ulijua ama hukujua?"

Nilijua. Alikuwa amemwacha akiwa darasa la tatu. Alikuwa amenionyesha picha zake, shati kila mwaka likiwa fupi zaidi.

"Nimemlea na simu, dadangu," akasema, sasa hacheki. "Homework kwa simu, kuombea kwa simu. Hiyo siku ya kumpeleka shule, na box lake, na godoro lake, siwezi peleka kwa simu. Mtihani utakuwa mwaka ujao pia. Form one anaingia mara moja."

Nilisema tu, "Ungeniambia."

"Wale wa kichakani waliambia wenzao? Si wewe ndio ulinifunza?"

Siku ile tulitandika vitanda tukivuta mashuka kama watu wanaogombania.

Msimamizi wetu, Mfilipino aliyekuwa ameanza kazi mwaka ule, alinionea huruma. Alinipeleka mbele ya ubao na kidole chake kikashuka hadi mstari wa mwisho. Londri. Miezi yote kumi na miwili ilikuwa myeupe.

"Hakuna aliyeandika," akasema. "Hamia londri, Februari ni yako. Huko hakuna anayeitaka."

Hakuna aliyetaka kwenda londri. Huku juu kulikuwa na bahari, na wageni waliokuacha bakshishi chini ya kikombe. Huko chini kulikuwa na mvuke, mashine za kukaushia zinanguruma kama simba mia, na taa zisizojua kama nje ni mchana. Lakini nilitazama ule mstari mweupe, safi, mpana. Sikungoja. Nilivuta kalamu kwenye uzi wake nikaandika jina langu chini ya Februari, nikalirudia juu kwa juu ili liive. Kisha nikaenda kufungasha vitu vyangu kwenye kabati la ghorofani. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimsamehe Mkenya, na kumsamehe kukanipa furaha nyingine.

Upande wa kukunja mashuka ulikuwa wa Waafrika Mashariki watupu. Mkuu wao, ingawa hakuwa na cheo, alikuwa mama mmoja wa Pemba ambaye wote walimwita Bi Mkubwa. Alikuwa na mikono mikubwa na mwendo wa polepole, na aliyakunja mashuka ya vitanda vya kifalme bila kuyatazama. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mbalimbali, mnalivuta likae sawa, mnakutana katikati, mmoja anakabidhi pembe, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Kutwa nzima mnaachana na kukutana. Mimi nilipangwa na Bi Mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Vuta."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Wenzake nao walinisalimu vizuri, wakanionyesha mahali pa kuweka viatu, ila saa ya chai, thermosi ya chai ya maziwa yenye iliki ilipofunguliwa, duara lao lilijaa kabla sijafika. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni wa bara. Mmoja wao, mwanamke wa Mombasa mwenye ulimi, alikuwa akiniona tu anasema, "Mpisheni mwenye Februari!" na wengine wanainamisha vichwa kwenye vikombe. Nilidhani ananisifu.

Sikuwa tena na mwanafunzi wa Ijumaa, maana mimi na Mkenya tulikuwa tunasemeshana kwa adabu tu, kama wapangaji. Basi nikaanza kujifundisha kwa sauti kazini. Nikikutana na Bi Mkubwa katikati ya shuka nasema hoja, nikirudi nyuma natafuta inayofuata. Hakulalamika. Siku moja nilikuwa kwenye swali linalopendwa sana na watungaji, sababu za Wamarekani kupanuka kuelekea magharibi. Nikaanza kama nilivyofundishwa.

"Kwanza, kulikuwa na ardhi kubwa iliyokuwa tupu."

Kwenye meza ya pasi yule wa Mombasa akapasuka kicheko.

"Tupu! Sikiza huyu! Tupu kama Februari ya Bi Mkubwa!"

Niliacha shuka lishuke.

"Mwache mtoto," Bi Mkubwa akasema. "Mwache. Vuta, mwanangu, shuka linagusa chini."

Sikuvuta. "Februari ya nani?"

Ni huyo huyo wa Mombasa aliyenieleza, sasa bila kicheko, pasi yake imesimama. Londri hawaandiki. Hawajawahi kuandika. Miezi wanagawana kwa mdomo, saa ya chai, kila mtu na shida yake, na mstari wao ubaoni unabaki mweupe mpaka msimamizi ashuke kuuliza. Ndipo wanamtajia, naye anaandika mwenyewe. Wasimamizi wa zamani walijua. Huyu mgeni hakujua, wala mimi. Na Februari ilikuwa ya Bi Mkubwa tangu hoteli ifunguliwe. Ana dada yake anayefanya kazi Muscat kwa familia moja, na familia ile inamruhusu kwenda kwao Februari tu. Mama yao yuko Wete, haoni tena. Mara moja kwa mwaka mabinti wawili wanakaa naye pamoja, anawashika nyuso.

"Na mwaka huu?" nikauliza.

"Ameshampigia dada yake," akasema. "Amemwambia haji."

Niligeuka kwa Bi Mkubwa. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. "Kwa nini hukuniambia, mama? Tumekunja mashuka mangapi?"

"Ulikuwa ushaandika," akasema. "Mtu akishaandika, utamwambia nini?"

Nilirudi Muaither na maneno hayo yakinitembea mwilini. Sikukaa. Nilipika ugali nikauacha, nikafua nguo safi. Nilijitetea mbele ya ukuta: sikujua, nilionyeshwa na mkubwa wa kazi, nina mtihani, maisha yangu yote yako kwenye mwezi ule. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini kila nililosema niliona limekwisha kusemwa, kwa Kiingereza kizuri, na watu wa mikokoteni. Wao nao hawakujua, wao nao walionyeshwa na serikali yao, wao nao walikuwa na watoto. Wenyeji waliokuwa wakiwinda na kuzika wafu wao katika ile nchi hawakuwa na ua wala hati, kwa hiyo ilionekana nyeupe. Mimi nilikuwa nimeikariri ile hoja miaka miwili. Nilikuwa nimeitapika mbele ya mwenye mwezi mwenyewe, pembe ya shuka lake ikiwa mkononi mwangu.

Mkenya alinitazama nikizunguka mpaka akachoka, akanivunjia ile adabu ya wapangaji.

"Nini mbaya?"

Nikamweleza.

"Kaa nayo," akasema mara moja. "Wale wako walirudisha? Hata ekari moja walirudisha?"

"Hawakurudisha."

"Basi?"

Nilikaa kitandani. Akaanza kuumega ule ugali ulioganda, akala, akanipa tonge. Hatukuyasema tena, lakini kuanzia pale tulikuwa tunaongea.

Kesho yake nilikwenda ubaoni na kitambaa. Jina halikutoka. Lile la kulirudia juu kwa juu ili liive lilikuwa limeiva kweli. Nililisugua kwa maji, kwa sabuni, kwa kucha. Nikarudi londri nikaomba dawa ya madoa, ile tuliyotumia kwa wanja na divai kwenye foronya. Yule wa Mombasa aliuliza ya nini. Nilipomwambia aliichukua chupa mwenyewe, akaja nami mpaka koridoni, akanifundisha kugusagusa doa badala ya kulisugua. Jina likayeyuka likawa zambarau. Kisanduku hakikurudi weupe wake. Kilibaki kama kidonda kinachopona.

Bi Mkubwa hakunishukuru. Saa ya chai alisogeza kiti chake kidogo, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye duara. Nilipokwisha kukaa akasema, bila kunitazama, akimimina:

"Mwakani Februari ni ya huyu."

"Na wewe, Bi Mkubwa?" mmoja akauliza.

"Dada yangu nitamwambia sasa hivi, apate mwaka mzima wa kuwabembeleza wale watu wake watupe Machi. Nimesema."

Wote wakaitikia. Hakuna aliyechukua kalamu.

Februari ilifika. Mkenya aliondoka na sanduku la bati alilolinunua sokoni Souq, ingawa nilimwambia Nakuru yapo. Bi Mkubwa alikwenda Pemba. Nilimpigia kaka yangu nikamwambia usajili umepotea. Siku ya karatasi ya pili nilikuwa nakunja mashuka na yule wa Mombasa, na mwili wangu haukukubali kwamba uko pale, nilikuwa navuta kwa nguvu mpaka akaniambia, "Taratibu, hulitoi shuka roho."

Mwaka uliofuata, kaka yangu ameshanisajili upya, ulikuwa mrefu kuliko mkataba. Kila kitu katika mji ule kilikuwa kinaandikwa: majina ya minara, namba za vyumba, namba yangu ya kazi kwenye kola. Mimi nilikuwa nimeweka maisha yangu kwenye neno lililosemwa na mwanamke akimimina chai. Akihamishwa? Akiugua? Msimamizi akiamua kwamba sasa kila idara iandike? Nilimtazama Bi Mkubwa akikohoa nikaogopa kwa ajili yake, kisha nikajitambua kwamba nilikuwa naogopa kwa ajili yangu. Alikuwa amerudi kutoka Wete na karafuu kwenye kifuko cha kitambaa, na hakuitaja Februari hata mara moja.

Mwezi wa kumi ukaja, ubao ukatundikwa. Mimi na Bi Mkubwa tulikuwa zamu ya mchana. Nilishuka mapema, si kukimbia, kutazama tu. Korido ilikuwa imeshafurika na kupungua; mistari ya ghorofa imejaa, wa londri mweupe. Mbele yake alisimama binti Mganda aliyehamishwa kwetu wiki ile kutoka mgahawani, kalamu mkononi, ncha imeshafika Februari.

"Hapo pana mtu," nikasema.

Alitazama ubao, akanitazama. "Wapi? Mimi sioni jina."

"Halijaandikwa. Lakini ni pangu."

"Kama ni pako, andika."

Kalamu aliinyoosha kwangu, uzi umevutika. Ningeandika. Herufi chache tu, na mwaka mzima wa hofu ungekoma pale. Vidole vyangu vilikuwa tayari vimejikunja. Nilijua pia yeye anaona nini: mwanamke aliyemtangulia londri anamdanganya mgeni.

"Sisi hatuandiki," nikasema. "Ngoja chai. Utawauliza wenyewe, watakupa mwezi wako na wewe."

"Na wakikukana?"

"Basi utaandika."

Hakuirudisha kalamu. Mimi nami sikuondoka. Zamu yetu ilikuwa haijaanza, na tulisimama pale kama walinzi wawili wa benki moja, kila mmoja akimlinda mwenzake. Mwishowe aligeuka kwangu.

"Februari unaendea nini? Harusi?"

"Mtihani."

"Wa nini?"

"Historia. Ya Marekani."

Alinikazia macho aone kama namchezea. Alipoona sichezi, kicheko kilimshika tumboni, akainama, akajifuta jicho kwa kiganja chenye kalamu.

"Dada, watu wanaendea mazishi, wanaendea wachumba. Wewe unatoka Doha, unapita Tanzania, unatafuta Marekani?"

"Nitaifikia Morogoro," nikasema.

Akacheka tena, kisha akaiachia kalamu ikaning'inia kwenye uzi wake, na tukashuka pamoja kwenye mvuke kuulizia mwezi wake.